Tangazo Ambalo Sikuliandika

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wengine mmeitikia kwa nguvu, wengine mmeitikia polepole huku mkiniangalia. Niangalieni tu. Leo nimekubali kuangaliwa. Kuna wakati mtu akinitazama kidogo tu moyo ulikuwa unaruka, najiuliza: huyu naye ameona? Huyu naye anajua? Leo nimesimama mbele yenu wote. Jina lake lisifiwe!

Kwa wageni walio nasi, mimi naitwa Mama Akoth. Naishi hapa hapa Nyalenda, kwenye ploti ya nyuma ya posho mili, pale wanaposaga unga. Kazi yangu ni kufuma vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya maua mnavyotandika mkisikia wageni wanakuja. Mume wangu, Baba Akoth, ni fundi wa injini za boti kule Luanda Kotieno. Wiki nzima yuko ufuoni, Jumamosi anarudi. Msichana wetu, Akoth, anasoma sekondari, shule ya kutwa.

Zamani nilikuwa nauza kwa kutembea. Nabeba vitambaa kichwani, nagonga mlango hadi mlango, jua linanichoma, mbwa wananifukuza. Halafu rafiki yangu mmoja akaniambia, mbona unajitesa? Kuna tovuti ya matangazo kwenye simu, watu wanauza kila kitu huko: magari, mashamba, ng'ombe, vitanda. Akanipiga picha nikiwa nimevaa gauni langu la kanisa, nimeshika kitambaa kikubwa mbele ya kifua, nacheka. Tukaiweka pamoja na namba yangu ya simu.

Ndugu zangu, sitasema uongo madhabahuni. Ilifanya kazi! Nilipigiwa simu kutoka Ahero, kutoka Maseno, hata Mbita ng'ambo ya maji. Nilikaa mlangoni kwangu nafuma, na wateja wananitafuta wenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa hiyo tovuti. Lakini kuna kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Ukishuka chini kwenye ukurasa, ukipita makochi, ukipita friji, vitu vinaisha na watu wanaanza. Wasichana wametangazwa vile vile kama viti, picha na namba. Mimi nilikuwa napitisha kidole haraka. Nilijiambia, hayo ni ya wenyewe, mimi nauza vitambaa.

Siku moja akanipigia mwanaume mwenye sauti ya heshima sana. Alisema ana gesti, anataka vitambaa vya vyumba vyote. Nilifurahi mpaka nikaimba! Tukaongea rangi, tukaongea vipimo. Mwishoni akasema nimpelekee mimi mwenyewe jioni, niingie moja kwa moja chumbani kwake, na nisije na mtu. Nikamwambia, "Mzee, tukutane sokoni mchana, au nitume na boda." Akacheka. Akaniambia, "Wewe mama unajifanya nani? Utanijua." Akakata simu.

Siwezi kuapa kwamba ni yeye. Mpaka leo sina ushahidi. Lakini wiki hiyo haikuisha kabla mambo hayajaanza.

Nilikuwa nafua nguo. Simu ikalia, mwanaume akasema, "Mrembo, uko wapi saa hii?" Nikamwambia amekosea namba. Nikarudi kwa nguo. Ikalia tena, mwingine. Halafu mwingine. Kufikia jioni nilikuwa naitazama ile simu kama mtu anayetazama nyoka kwenye kitanda. Mmoja wao, nilipomuuliza namba yangu ameitoa wapi, alikasirika: "Si umejitangaza mwenyewe?" Akanitumia tangazo lenyewe.

Ndugu zangu, ilikuwa picha yangu ile ile. Kitambaa kimekatwa kwenye picha. Imebaki sura yangu, kicheko changu, na kola ya gauni langu la kanisa. Chini yake kulikuwa na maneno ambayo siwezi kuyatamka mahali hapa. Na chini ya maneno, namba yangu.

Niliketi chini sakafuni. Nilijaribu kuliondoa lile tangazo, lakini mimi sikuwa nimeliweka, sasa ningeliondoaje? Nilifuta langu la vitambaa, hilo lingine likabaki. Niliandikia wenye tovuti. Kimya.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukuzima simu? Ningezimaje? Shule ya Akoth wana namba hiyo. Wateja wangu wote wana namba hiyo. Baba Akoth hunipigia kila jioni akitoka ufuoni, na akikuta imezimwa ataanza kujiuliza. Nikizima, naogopa. Nikiwasha, inalia. Nilikuwa naifunika chini ya mto, bado naisikia ikitetemeka. Sindano ilinishinda kushika. Nilikuwa nafuma ua moja, nafumua, nafuma, nafumua. Chakula kilikuwa kama majivu mdomoni.

Na Baba Akoth, ambaye Jumamosi hiyo kazi ilimzuia ufuoni, sikumwambia. Nilikuwa namwogopa? Hapana, yeye si mtu wa kupiga. Niliogopa tu ile dakika baada ya kumwambia. Niliogopa jinsi atakavyoniangalia.

Halafu yakaja mpaka nyumbani. Tulikuwa kwenye mfereji, akina mama na mitungi yetu, asubuhi jua limeshapanda. Mwanaume akashuka kwenye boda, akatoa simu, akamwonyesha Mama Njeri, jirani yangu anayeuza viazi. Akamuuliza, "Huyu mama anaishi hapa?" Mama Njeri akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akasema, "Hapa hakuna." Yule mtu akaondoka. Mama Njeri akainama, akaendelea kujaza mtungi wake, na hakuna mama hata mmoja aliyefungua mdomo. Maji yalikuwa yanamwagika, nayasikia mpaka leo. Nilibeba mtungi wangu haujajaa, nikaenda.

Jioni hiyo nilikuwa nje naanua nguo, simu ikalia ndani, Akoth akapokea. Nilikimbia, lakini nilikuwa nimechelewa. Nilimkuta ameshika simu mbali na sikio lake kama kitu kinachounguza. Mtoto wangu! Alisikia maneno ambayo hata mtu mzima hapaswi kusikia, na aliyasikia kuhusu mama yake. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, ni kweli?" Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusoma. Lakini hakufungua hata ukurasa mmoja wa kitabu.

Na sasa nitasema jambo ambalo ni gumu. Kuna simu moja ilikuja, na sauti niliijua. Ni sauti ya mtu wa humu ndani. Hakuniita mrembo. Aliniita Mama Akoth. Akasema kwa upole, "Dada, kumbe ndiyo kazi unafanya siku hizi? Usiogope, mimi sitasema. Lakini tunaweza kuelewana."

Msigeuke kutazamana, tafadhali. Sitamtaja.

Jumapili iliyofuata ndipo nilipoacha kuja kanisani. Mliponikosa, mlisema Mama Akoth amepoa kiimani. Sikupoa, ndugu zangu. Nilikuwa nasikia nyimbo zenu kutoka nyumbani kwangu, nimefunga mlango. Nilimwambia Mungu, "Bwana, wewe uliona nikivaa hilo gauni. Wewe uliona nilikuwa nashika nini. Angalau wewe niamini."

Basi katikati ya wiki, siku ambayo si yake ya kurudi, Baba Akoth akanipigia asubuhi. Alisema neno moja tu: "Nakuja." Nikamuuliza kuna nini. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Nilijua. Huko ufuoni wanaume hukaa wakingoja injini, na kila mmoja ana simu mkononi. Kumbe mwenzake alimwonyesha lile tangazo mbele ya watu: "Fundi, huyu si mke wako?" Mnaweza kufikiria mtu anasimama vipi hapo, mikono imejaa girisi, wenzake wote wanamtazama?

Nilifagia nyumba, nikafagia tena. Nilipika omena, wale dagaa wa ziwani, nikaifunika, nikaifunua, nikaifunika. Nilifikiria kwenda kwa mama yangu kabla hajafika. Nilifunga hata nguo kidogo kwenye leso. Halafu nikafikiria Akoth akirudi shule akute sipo, nikazifungua.

Aliingia mchana. Hakunisalimia. Alivuta kiti, akaketi, akachukua simu yangu akaiweka katikati ya meza.

"Min Akoth," akasema. Ndivyo anavyoniita kwa Kiluo tangu tupate mtoto. "Iache hapo. Ikilia, pokea. Weka spika."

"Baba Akoth, acha kwanza nikueleze."

"Usinieleze kitu. Nataka kusikia."

Tukakaa. Sijawahi kukaa hivyo na mume wangu. Nzi walikuwa wanazunguka sufuria, hakuna anayewafukuza. Nilikuwa naomba isilie, na nilikuwa naomba ilie haraka mambo yaishe. Ikalia.

"Mrembo, umeshinda aje? Niko mjini, nikupate wapi?"

Ndugu zangu, swali nililomuuliza sikuwa nimelipanga. Ni Roho wa Mungu alinipa, kwa sababu mimi akili yangu ilikuwa imeganda. Nilisema, "Mimi naitwa nani?"

"Ati?"

"Jina langu. Niite kwa jina langu."

"Sasa mimi nitajuaje? Hapa hawajaandika jina." Akakata.

Baba Akoth aliinua kichwa. Ikalia tena, mwingine, na huyu sauti yake ni ya kijana. Nikamuuliza vile vile. Akasema, "Jina ni ya nini, mathe? Wewe niambie tu mahali." Nikakata mimi mwenyewe.

Mume wangu aliniangalia. Ile dakika niliyokuwa naiogopa siku hizo zote ilikuwa imefika, na nilitaka kufumba macho lakini sikufumba.

"Hawakujui," akasema.

"Hawanijui, Baba Akoth."

"Hakuna hata mmoja anakujua." Akapangusa uso kwa mkono wake mzima. "Yawa, Min Akoth! Na umekaa na hii kitu peke yako?"

Haleluya! Nilimweleza yote, kuanzia yule wa gesti. Nililia mpaka sauti ikakwisha. Na kabla sijamaliza, simu ikalia tena, na safari hii yeye ndiye aliyeinyakua. Alifoka! Baba Akoth mnamjua ni mpole, lakini siku hiyo alimwambia huyo mtu mambo mpaka bati likasikia. Aliponyamaza ili avute pumzi, tukasikia sauti ya mama mzee, imekasirika kabisa:

"Wewe mzee, unafokea nani? Mimi ni mama ya watu hapa Sondu. Nataka vitambaa tu. Msichana yangu anaolewa."

Mume wangu aliishika ile simu kama mtoto aliyevunja sahani. Aliomba radhi, akaomba tena. Yule mama akauliza, "Lakini nini inakusumbua hivyo?" Na Baba Akoth, mtu asiyeongea na wageni, akamweleza. Sijui kwa nini alimweleza. Nafikiri alihitaji kumwambia mtu.

Huyo mama anaitwa Mama Chepkoech. Aliliona mwanzoni tangazo langu la kweli, la vitambaa, akaandika namba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ngojeni. Tuombe kwanza." Akaomba hapo hapo kwenye simu, kwanza kwa Kiswahili, halafu maneno yakamshinda akaingia Kikipsigis, lugha ya kwao. Mimi Kikipsigis sijui hata neno. Lakini nilijua ananililia mimi. Mtu ambaye sijamwona kwa macho! Kifua changu kilikuwa kimefungwa siku nyingi, na wakati anaomba nilisikia pumzi imeingia mpaka chini.

Alipomaliza akaniuliza, "Umeambia akina mama wa kanisa lenu?"

Nikasema, "Hapana. Naona aibu."

"Hii kitu haitatoka ukinyamaza. Nenda leo. Sisi huku pia tulikuwa na shida na hizo matangazo ya simu, msichana mmoja nusura apotee kwa kazi ya uongo. Sasa tuna ubao yetu kanisani. Ukiuza kitu, ama unatafuta mfanyakazi, lazima mtu anayekujua asimame aseme, huyu namjua. Bila hivyo, haiwekwi. Nenda, mama."

Tulienda jioni hiyo, mimi na mume wangu, kwa Mama Mchungaji. Yuko pale mbele, muulizeni. Nilitarajia anitazame kutoka kichwani mpaka miguuni. Alinishika mkono akasema, "Kesho naita akina mama."

Na kesho yake walikuja, kwenye kile chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Walikaa kwenye viti vidogo vile, magoti juu. Ilibidi kila mmoja alifungue tangazo kwenye simu yake ili aripoti kwa wenye tovuti. Ndugu zangu, mnaelewa nilivyokuwa? Kila mama anaangalia ile picha, anasoma yale maneno, na mimi niko hapo! Nilitaka ardhi inifiche. Nikamwona Mama Njeri anasoma, na machozi yanaangukia simu yake. Akasimama. Akasema, "Mimi niliiona siku ile kwa mfereji. Nilijua si wewe uliyeiweka. Nilikosa tu la kusema, na kukosa la kusema kukakuumiza." Akaja akanikumbatia na mikono yake ya viazi.

Wakabonyeza. Walioshindwa walisaidiwa na wenzao. Walituma kwa simu zao, wakaenda nyumbani wakachukua simu za waume zao, wakatuma tena. Mimi peke yangu sikujibiwa. Kwa wingi huo wa akina mama, kabla ya Jumapili kufika tangazo lilikuwa limetoka! Nilitafuta mpaka vidole vikachoka, halikuwepo! Bwana apewe sifa!

Lakini sitaki mfikiri kila kitu kiliisha siku hiyo. Kuna watu waliokuwa wameshaandika namba. Mpaka wiki iliyopita mmoja amenipigia. Moyo wangu bado huruka, na bado kuna siku mtu nisiyemjua akisimama karibu na ploti yetu naingia ndani. Mungu amenitoa, na bado ananitoa. Yote mawili ni ushuhuda.

Mama Chepkoech alikuja mwenyewe kutoka Sondu kuchukua vitambaa, na wenzake wawili, na kuku mmoja. Tulipoonana tulicheka kama watu waliokua nyumba moja. Alikaa na akina mama wetu akatuonyesha wanavyofanya, na ndiyo maana mnaona ubao ule hapo nje karibu na geti, na kile kikundi cha matangazo kwenye simu ambacho Mama Mchungaji anakilinda. Wengine mnakipita tu. Kitazameni! Mama Njeri alipata msichana wa kumsaidia nyumbani kupitia hapo. Huyo msichana aliletwa na shangazi yake, wakanywa chai pamoja, kila mmoja akajua kwa mwenzake ni wapi. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kuna aliyeuza kabati, kuna aliyepata nyumba ya kupanga.

Je, wateja ni wengi kama kule? Hapana. Ni wachache, na kuna wiki hakuna mtu anayenipigia. Vijana wanatucheka, wanasema ni ubao wa kizamani. Sawa. Lakini anayenipigia siku hizi anasema, "Mama Akoth, nimetumwa na fulani." Ananiita kwa jina langu! Hamjui hiyo ni tamu vipi kwa mtu aliyeitwa yale niliyoitwa. Sijasema kila anayeuza kwenye mtandao ni mwovu. Mimi mwenyewe nilikuwa huko, na Mama Chepkoech alinipata huko. Nasema tu, mahali ambapo mtu na kochi wanawekwa ukurasa mmoja, mimi sitarudi.

Na wewe uliyenipigia kwa sauti ya upole. Sijui kama leo umekuja. Mume wangu hajui ni wewe, Mchungaji hajui. Nimekusamehe, nilifanya hivyo kwa magoti na ilinichukua muda. Lakini tukitoka hapa usinipe mkono kwanza. Bado. Mungu akimaliza kazi hiyo ndani yangu, nitakuja kukusalimia mimi.

Asante Yesu! Asante kwa Baba Akoth aliyetaka kusikia kabla ya kuhukumu. Asante kwa Akoth, ambaye juzi aliomba nimfundishe kufuma. Asante kwa akina mama wa kanisa hili.

Ndugu zangu, na hasa dada zangu, najua siko peke yangu. Humu ndani kuna mtu ambaye simu yake ikilia anaruka. Kuna mtu ambaye picha yake iko mahali, au ameitwa kazi na mtu asiyemjua na roho inakataa, na hajamwambia yeyote. Mwamini Bwana, na umwambie mtu mmoja. Ibada ikiisha nitakaa kwenye benchi la mwisho, upande wa dirisha. Sitakuuliza kitu. Huna haja ya kunionyesha kitu. Njoo ukae karibu nami, na ukiwa tayari, nitasimama nawe twende pamoja.